Unapenda fasihi, nyumbani wanataka usome kompyuta

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, napata ujumbe wa namna moja: "Shikamoo kaka, mimi napenda Kiswahili na fasihi ila nyumbani wanasema nitakosa kazi. Nihamie kompyuta?" Usihame. Omba shahada ya lugha au fasihi, halafu kozi za hiari zitumie kwa sosholojia na uandishi wa programu. Sharti ni moja tu: uwe na swali linalokutoa darasa hili na kukuingiza lile. Ukiokota kozi kwa sababu ratiba inaruhusu, utatoka na matokeo yasiyoshikana.

Swali langu lilitoka kwenye arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi. Muhula ule tulikuwa tunahesabu mizani, yaani silabi, nane kwa nane katika kila mshororo, na jioni nina kipindi cha Python, lugha ya kuandikia programu. Nikaamua kuandika programu ya kuhesabu. Mwanzoni ni mteremko: hesabu irabu, "kalamu" ina tatu, basi mizani tatu. Kisha inakuja "mtu", irabu moja na silabi mbili. Ukiiagiza programu ihesabu kila m iliyotangulia konsonanti, inaharibu "mbali". Kiboko chenyewe ni "mbaya". Katika "mtu mbaya", m ni kiambishi cha ngeli na inasimama peke yake: m-ba-ya, mizani tatu. Katika "njia mbaya" ni n iliyogeuka m mbele ya b: mba-ya, mizani mbili. Tahajia ni ileile, kwa hiyo programu lazima ijue nomino iliyotangulia iko ngeli gani. Aliyesoma kompyuta tupu angekesha hapo. Wewe ngeli umezisoma tangu sekondari.

Nadharia za jamii ndizo watu huziruka, wakidhani ni porojo za kukariri majina ya Wafaransa. (Majina yapo, sikatai.) Lakini chukua mashairi ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, uyapitishe kwenye programu ya kusahihisha tahajia: "ndia" kosa, "mato" kosa. Nani aliamua kwamba "njia" na "macho" ndiyo sahihi? Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu wakati wa ukoloni, na kamati ya kusimamia usanifishaji ikaundwa mwaka 1930. Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu anaeleza vizuri jinsi lahaja moja inavyopewa hadhi ya kuwa lugha halali, nyingine zikaonekana za mtaani. Mitambo ya leo ya kuchakata lugha inajifunza zaidi kutoka magazeti, vitabu na tovuti, yaani inarithi uamuzi uleule. Ukishaliona hilo, una mada ya tasnifu.

Python anza mwaka wa kwanza, muhula wa pili. Kama huna kompyuta, maabara ya chuo inatosha, kwani Google Colab, ukurasa wa kuandikia na kuendeshea Python, inafunguka kwenye kivinjari bila kulipia. Kozi mbili za nadharia usizibebe muhula mmoja, usomaji wake utakumaliza. Takwimu haina ladha, ichukue hivyohivyo.

Na kabla ya kujisajili, nenda mwenyewe idara ya kompyuta ukaulize kama wanapokea watu wa sanaa wasio na hisabati ya kidato cha sita. Wakikukatalia, uliza idara ya sosholojia kama wana kozi ya uchambuzi wa data. Kwa kuanzia, hiyo itakufaa.