Mwenye Tumbo Ameulizwa? Maswali Yenu Kuhusu Uzazi Katika Hadithi za Kisayansi

Mwezi uliopita niligusia riwaya za kisayansi ambamo wakubwa wa nchi ndio wanaoamua nani azae na nani asizae. Ujumbe ulimiminika. Nimechagua michache, na waliouliza yanayofanana nimewaunganisha.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mgeni wa hadithi hizi. Nianze na kitabu gani? (Msomaji, Tabata)

Marahaba mwanangu. Anza na *Brave New World* cha Aldous Huxley, cha mwaka 1932. Changu nilikiokota miaka mingi iliyopita kwenye meza ya vitabu vya mitumba pale Posta, jalada limeshang'oka. Kinaanzia ndani ya jengo moja la London ambako watoto hawazaliwi, wanatengenezwa. Yai moja linaweza kugawanywa hadi likatoa pacha 96. Vijusi hukaa kwenye chupa, chupa husogea polepole kwenye mkanda, na humo njiani kila kimoja hupangiwa cheo chake. Anayetakiwa awe kibarua hupunguziwa oksijeni ili akili yake isikomae. Humo kwenye chupa hakuna anayepigwa, hakuna anayelia. Na neno "mama" limekuwa tusi.

Kuna ukurasa ambao huwa naurudia. Kijana aitwaye John, aliyezaliwa na mwanamke kwa njia tunayoijua sisi, anapiga magoti mbele ya mkurugenzi wa jengo lile na kumwita baba yangu. Watu wote wanaangua kicheko. Mkurugenzi anaziba masikio kwa mikono miwili na kutoka mbio. Mara ya kwanza nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikashindwa kuendelea mpaka kesho yake.

Kila ninaposoma kitabu cha aina hii nakuwa na swali moja: mwenye tumbo ameulizwa? Kwa Huxley hakuna wa kuulizwa, maana tumbo lenyewe limeshaondolewa.

Mume wangu anasema hizi ni ndoto za Wazungu tu, mambo hayo hayajawahi kutokea popote. Nimjibu nini? (Msomaji, Mbagala)

Mwambie shemeji yangu kwamba yametokea, tena karibuni. Margaret Atwood, aliyetoa *The Handmaid's Tale* mwaka 1985, kitabu cha wanawake wanaogawiwa kwa wakubwa ili wawazalie, amesema mara nyingi kuwa hakutia humo jambo ambalo binadamu hawajawahi kulifanya. Alikuwa na pa kuchota. Romania, mwaka 1966, serikali ya Ceaușescu ilipiga marufuku utoaji mimba kwa karibu wanawake wote, ikitaka idadi ya watu iongezeke. Wanawake walipimwa viwandani, kazini kwao, kuona nani ameshika mimba ili ifuatiliwe. Wengi walikufa wakitoa mimba vichochoroni. Amri ile ilidumu hadi utawala ulipoanguka Desemba 1989.

India ilielekea upande wa pili. Wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1975 hadi 1977, watu zaidi ya milioni 6 walifungwa kizazi ndani ya mwaka mmoja, na maofisa walikuwa wamewekewa idadi ya kufikisha. China ilishikilia sera ya mtoto mmoja kwa takriban miaka 35, mpaka ilipoiacha mwishoni mwa 2015.

Lakini linaloniuma zaidi ni la Marekani. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliruhusu jimbo la Virginia limfunge kizazi msichana Carrie Buck kwa madai kwamba yeye, mama yake na mtoto wake mchanga walikuwa na akili pungufu. Mimba yake ilitokana na kubakwa. Yule mtoto alipoanza shule alifanya vizuri darasani, akafariki angali mdogo. Huxley alitoa riwaya yake miaka mitano tu baada ya hukumu hiyo.

Je, mfuko wa uzazi wa kutengenezwa upo kweli? (Msomaji, Tegeta)

Kwa binadamu, kuanzia yai hadi mtoto, bado. Mwaka 2017 watafiti wa Philadelphia waliwatunza wanakondoo njiti kwenye mifuko yenye majimaji kwa wiki zipatazo 4, nao wakaendelea kukua. Lengo lao ni kuokoa watoto njiti, na mimi nawaombea wafanikiwe.

Mwalimu, kwani kupanga watu ni vibaya? Ukipanda pantoni asubuhi utaona tulivyojaa. Bora serikali iweke kikomo. (Kijana wa Kigamboni)

Tumejaa kweli. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wetu wa Dar es Salaam. Lakini kijana wangu, kupanga na kupangiwa ni vitu viwili. Mwanamke anayekwenda kuchoma sindano au kuweka kijiti kwa hiari yake amepanga. Ukimwekea kikomo, umempangia.

Na kupangiwa hakuji kwa kuzuiwa tu. Septemba 2018 Rais Magufuli, akiwa Meatu, aliwahimiza watu waachane na uzazi wa mpango, wazae. Siku chache baadaye baadhi ya matangazo ya uzazi wa mpango yakasimamishwa. Miaka hiyohiyo mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mlango wa kurudi darasani haukufunguliwa hadi Novemba 2021. Mmoja anaambiwa azae, mwingine anaadhibiwa kwa kuzaa, na wote wawili hawakuulizwa.

Mwaka jana nilimsindikiza binti wa dada yangu kliniki. Kwenye benchi tulikaa na mama kijana, mimba ya kwanza, peke yake. Aliambiwa aje na mwenza wake, na mwenza alishakimbia. Basi alikuwa na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa ya kuthibitisha hivyo, ameikunja mara nne, na jasho la kiganja limeanza kutawanya wino wa muhuri. Najua nia ilikuwa njema, wapimwe wote wawili. Lakini alipoikunjua mbele ya nesi niliona uso wake, na nikajiuliza mwenyekiti wa mtaa ameingiaje kwenye tumbo la binti yule.

Kwa Kiswahili hakuna kitu kama hiki? (Msomaji, Sinza)

Soma *Kufikirika* cha Shaaban Robert. Si hadithi ya kisayansi, lakini ni nchi ya kubuni ambayo mfalme na malkia hawana mtoto, na waganga wa kila namna wanaitwa. Tumbo la malkia linakuwa shughuli ya taifa zima. Yeyote aliyeolewa, akapitisha mwaka, huku mawifi wakimtazama kiunoni, atamwelewa malkia yule haraka.

Mbona kila siku ni wanawake tu? Hakuna ya wanaume? (Msomaji, Ubungo)

Ipo, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni "Bloodchild", hadithi fupi ya mwaka 1984 ya Octavia Butler, Mmarekani mweusi. Mwenyewe aliiita hadithi yake ya mwanaume mjamzito. Binadamu wamekimbilia sayari nyingine, na wenyeji wake, viumbe kama wadudu wakubwa, wanawahifadhi kwa sharti la kubeba mayai yao mwilini. Kijana Gan amelelewa kwa kazi hiyo. Usiku mmoja anashuhudia mwanaume mwenzake akipasuliwa ili watoto watolewe. Anashika bunduki iliyofichwa nyumbani, na kwa mara ya kwanza anamwambia kiumbe aliyemlea kuwa wao hawajawahi kuulizwa.

Mwishoni anakubali kubeba, lakini kwa sharti lake: bunduki ibaki ndani ya nyumba. Kama sisi si mifugo yenu, anamwambia, basi nanyi kubalini hatari. Yule kiumbe anaogopa. Kisha anaiachia.