Mwani usindikwe kijijini, na wanaoulima ndio waamue

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni jambo gani litakalomwinua mwanamke wa kijiji maskini bila kumfanya tegemezi wa wafadhili. Nitajibu kwa kuwatazama wakulima wa mwani wa Unguja, kwa sababu kilimo hicho, kilichoanza kibiashara mwaka 1989 huko Paje na Jambiani kwa mbegu kutoka Ufilipino, kwa sehemu kubwa kimo mikononi mwa wanawake, na kimewapa wengi wao fedha wasizohitaji kumwomba mtu.

Kazi yenyewe ni nzito. Maji yanapokupwa wakati wa bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kutoka sana, mwanamke hushuka pwani na kamba zake, akapigilia vijiti mchangani na kufunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwa tai-tai, yaani vikamba vyembamba, mgongo umeinama muda wote. Baada ya wiki sita hivi huvuna na kubeba kichwani mzigo unaochuruzika maji hadi pa kuanikia. Ukishakauka, uzito uliobaki ni kidogo sana, na bei huitaja mnunuzi. Kwa miaka mingi wanunuzi ndio waliogawa kamba na tai-tai kwa sharti la kuuziwa wao, hivyo mkulima hakuwa na nafasi ya kubishana. Zaidi ya hayo, bahari imeongezeka joto, na kotonii, aina yenye bei nzuri, hufa katika maji mafupi, ikabaki spinosamu, aina nyingine yenye bei ya chini.

Kwa maoni yangu, ukombozi umo katika kuusindika mwani kabla haujaondoka kijijini. Akina mama wa kikundi cha Tusife Moyo, Kidoti, wamekwisha kuonyesha njia kwa kuusaga mwani mkavu na kuutia katika sabuni wanayoitengeneza na kuiuza wenyewe. Naye Dk. Flower Msuya, mtafiti wa siku nyingi wa mwani Zanzibar, amejaribu pamoja na wakulima nyavu zenye umbo la mirija za kupandia kotonii katika maji marefu. Namheshimu sana kwa kuwashirikisha, kwani maji marefu yanataka chombo na kujua kuogelea, na wengi wa akina mama hao hawakufundishwa kuogelea tangu utotoni. Mradi uliopangwa mjini ungeleta nyavu peke yake, na baada ya msimu mmoja wenye vyombo, yaani wanaume, wangeichukua kazi yote.

Basi anayetaka kusaidia, awe serikali au mfadhili, aitishe kikao siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, wakulima wakiwa na nafasi ya kukaa na kusema, kisha mashine ya kusagia, chombo na akaunti ya benki viandikwe kwa jina la kikundi chao.