Maswali ya Wasomaji: Ng'ombe Wamepungua, Nyama Imeongezeka

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa ng'ombe, nanunua kwenye minada ya Shinyanga na kuuza Pugu, Dar es Salaam. Nimesoma kwamba ng'ombe wa Marekani wamefikia idadi ndogo kuliko zote tangu mwaka 1951, ilhali nyama inayotoka huko ni nyingi kuliko ile ya miaka ya sabini walipokuwa wamejaa tele. Hesabu hii inawezekanaje?

JIBU: Ulichosoma ni sahihi. Mwaka 1975 Marekani ilikuwa na ng'ombe wapatao milioni 132, na tarehe 1 Januari 2025 Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ilikadiria kuwa wamebaki milioni 86.7. Mwaka 1976 walichinjwa karibu milioni 43, nao wakatoa nyama kama tani milioni 11.8; mwaka 2022 walichinjwa milioni 34 hivi, na nyama ikafika tani milioni 12.8, kiwango ambacho nchi hiyo haikuwahi kukifikia kabla. Ukigawanya tani kwa idadi ya vichwa utaona kwamba ng'ombe mmoja, akishachunwa na kutolewa matumbo, alikuwa akitoa kilo 275 hivi, na sasa anatoa zaidi ya kilo 370. Zebu wetu wengi hutoa kati ya kilo 100 na 150, jambo ambalo wewe unayewapima kwa jicho kila siku huna haja ya kuambiwa.

Uzito huo umetokana na uteuzi wa mbegu, homoni za kukuza ambazo Ulaya imezikataza, na miezi mitano au zaidi ya kulishwa mahindi katika maboma ya kunenepeshea ya Texas, Kansas na Nebraska. Ndama wanapokuwa adimu na mahindi yakawa nafuu, mnenepeshaji huona afadhali kumweka boma maksai aliye naye wiki kadhaa zaidi kuliko kununua mwingine kwa bei ya juu, na hivyo uhaba wenyewe huongeza kilo.

Hata hivyo, tani za mwaka 2022 zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Ukame ulikuwa umeyakausha malisho ya nyanda za magharibi na kati tangu mwaka 2020, na wafugaji waliokosa majani na maji walipeleka machinjioni hata ng'ombe majike wa kuzalisha, huku mitamba, yaani majike wachanga ambao hawajazaa, ambayo ingepandishwa ikiingizwa kwenye maboma ya kunenepeshea. Kwa maneno mengine, sehemu ya nyama ile ilikuwa mtaji, na taarifa ya uzalishaji haitenganishi mtaji na faida. Kulijaza kundi upya nako si rahisi: mtamba akibakizwa leo, nyama yake inakosekana sokoni leo, naye hupandishwa akiwa na miezi kama 15, hubeba mimba miezi tisa, na ndama wake huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kuchinjwa. Ndiyo maana mwaka 2025, miaka mitatu baada ya rekodi ile, nyama ya kusaga katika maduka ya Marekani ilipita dola 6 kwa ratili, yaani zaidi ya dola 13 kwa kilo. Kufungwa kwa mpaka kwa ng'ombe wa Mexico, kwa kuhofia nzi ambaye funza wake hula nyama ya mnyama aliye hai, kumeongeza uhaba huo.

SWALI: Katika ukame ulioanza 2020 hapa Garissa tulipoteza mifugo mingi, na mingine tuliichinja nyumbani. Je, hiyo nayo imo katika takwimu za taifa za nyama?

JIBU: Iliyokufa haimo. Kenya ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2.5 katika misimu ile mitano iliyokosa mvua, na hasara hiyo huonekana tu pale idadi ya mifugo inapohesabiwa upya. Waliouzwa wakiwa wamekonda, wakiwemo walionunuliwa na serikali ili wachinjwe kabla hawajafa, huongeza idadi ya vichwa bila kuongeza sana kilo, kinyume kabisa cha mambo ya Marekani.

Wanaochinjwa nyumbani, kwa Idd el-Hajj, harusi au matanga, kwa kawaida hawaingii katika daftari la mkaguzi wa nyama. Wataalamu huwakadiria tu. Kwa hiyo machinjio mapya yanapofunguliwa mahali ambapo watu walikuwa wakichinja chini ya mti, sehemu ya ongezeko linalotangazwa huwa ni nyama iliyokuwa ikiliwa siku zote bila kuandikwa. Mimi nikipewa taarifa ya namna hiyo, hutafuta kwanza kama imeonyesha vichwa na kilo kando kando, kisha majike walikuwa wangapi kati ya waliochinjwa. Safu hiyo ya majike ndiyo inayokosekana mara nyingi, nayo ndiyo inayoeleza nyama ya miaka mitatu ijayo.