Jibu: Binti yangu asome uchumi chuo gani Marekani?

Ndugu, umeuliza binti yenu achague kipi kati ya vyuo viwili vya huko mnakoishi, kimoja kikijisifia mishahara ya wahitimu wake. Fungua College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani, kisha utafute kozi ya uchumi yenyewe, usiishie kwenye takwimu za chuo kizima. Utaona kipato cha wahitimu na deni walilotoka nalo. Ila kuwa makini sana: waliohesabiwa ni waliopata msaada wa serikali kuu tu, na mikopo ya benki binafsi haimo kabisa. Mikopo anayochukua mzazi nayo huwekwa kando, na hiyo ndiyo itakayokubana wewe. Mimi deni likizidi mshahara wa mwaka wa kwanza, ningeshauri chuo cha umma cha jimbo lenu.