Umwombe mwalimu gani barua ya chuo?

Barua ya kwanza ya mapendekezo niliyoandikiwa nilipoomba chuo Marekani ilikuwa na nembo ya shule, muhuri wa bluu na sahihi kubwa ya mkuu wa shule. Niliifurahia mpaka nilipofika aya ya pili. Ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza hakina "yeye" mmoja kwa wote: mara tatu nimetajwa kama mvulana. Ilikuwa barua ya kaka mmoja aliyenitangulia. Walibadilisha jina juu, wakasahau huko chini.

Mkuu alikuwa na mamia ya wanafunzi na hakuwahi kunifundisha hata kipindi kimoja. Nilimfuata kwa ajili ya cheo chake. Kwetu tumezoea kwamba uzito wa barua ni uzito wa aliyesaini, ndiyo maana hadi leo wadogo zangu wananiuliza kama barua ya mbunge au ya askofu itasaidia kuingia chuo Marekani. Haisaidii, kama mtu huyo hajakufundisha. Vyuo vingi vinavyopokea maombi kupitia Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa pamoja, vinataka barua ya mwalimu wa somo, mmoja au wawili, aliyekuona darasani. Mkuu au mwalimu wa taaluma ana nafasi yake kwenye ripoti ya shule, ambayo ni fomu nyingine kabisa.

Sasa, mwalimu yupi? Nilisoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na alama zangu nzuri zilikuwa za Biolojia. Mwalimu wa Biolojia alikuwa hodari, lakini alikuwa anaingia, anatoa notsi, anatoka. Miaka miwili sikuwahi kumuuliza swali. Angeandika nini zaidi ya alama, wakati alama zimo tayari kwenye matokeo?

Kemia ndiyo iliyonitesa, hasa praktiko. Siku moja tunafanya taitresheni, ninafungua koki ya bureti, ule mrija mrefu wenye vipimo, kidogo kidogo, macho kwenye chupa, na bado rangi ikapita ile ya chungwa iliyotakiwa ikawa nyekundu. Nikarudia, ikapita tena. Wenzangu wote walikuwa na majibu yanayokaribiana, na jirani yangu alinisogezea daftari lake ninakili. Sikunakili. Niliandika namba zangu mbaya kama zilivyo, nikabaki baada ya kipindi kumuuliza madamu ninakosea wapi. Alinishika mkono wa kushoto akauweka kwenye koki, wa kulia kwenye chupa, akasema, "Tikisa kabla hujaongeza." Tangu siku hiyo nilikuwa nabaki kila Alhamisi. Kemia sikupata A. Lakini yeye ndiye niliyemwomba barua, na baadaye sana, majibu ya vyuo yakiwa yameshatoka, aliniambia alichoandika: zile namba mbaya ambazo sikuzificha, na zile Alhamisi.

Kwa hiyo ninapokaa na mdogo wangu yeyote anayeomba chuo, simuulizi amepata A wapi. Namuuliza: mwalimu gani anaweza kusimulia siku moja iliyokuhusu wewe peke yako? Kama hakuna hata mmoja, na bado uko kidato cha tano, una muda. Anza kubaki baada ya kipindi.

Kabla ya kuamua, soma chuo chenyewe kinataka nini. MIT, kwa mfano, wanaomba barua moja ya mwalimu wa hisabati au sayansi, na nyingine ya mwalimu wa lugha, sanaa au sayansi ya jamii. Vyuo vikuu vya umma vya California, vile vya UC, kwa kawaida havitaki barua kabisa, usimsumbue mtu bure. Sisi wa sayansi tulikwama kwenye ile barua ya pili, maana PCB na PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hazina somo la sanaa. Mimi niliokolewa na mwalimu wa General Studies, somo ambalo wengi tulilidharau. Alikumbuka nilivyobishana naye kuhusu maji ya kijijini kwetu.

Halafu kuna jambo la muda, na hapa Watanzania tunaumia sana. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Shule inafungwa, wengine wanakwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na Common App ya mwaka mpya inafunguliwa tarehe 1 Agosti. Maombi ya mapema mengi yanafungwa Novemba, ya kawaida mengi mwanzoni mwa Januari. Wakati huo mwalimu wako anaweza kuwa amehamishwa mkoa mwingine. Muombe kabla hujaondoka shuleni, ana kwa ana, na uchukue namba yake ya simu na barua pepe anayoifungua kweli. Mfumo unamtumia yeye kiungo, wewe huwezi kumpakilia barua. Madamu alikuwa amesahau nenosiri lake. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu tukafungua barua pepe mpya kwa simu yake.

Ukiomba, mpe nafasi ya kukataa: "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua?" Mwalimu wa kwetu hatakwambia hapana. Atasema "tutaona" au "njoo wiki ijayo". Ukiambiwa hivyo mara tatu, mshukuru, nenda kwa mwingine.

Wapo watakaosema, "Andika mwenyewe, nitasaini." Hili linaniuma, kwa sababu najua mwalimu ana madaftari mia ya kusahihisha na hafanyi kwa ubaya. Usikubali. Si haki, na barua hiyo itakuwa na sauti ileile ya insha yako. Mpelekee karatasi moja: unaomba kusoma nini, mambo mawili matatu mliyofanya pamoja, na tarehe ya mwisho. Mweleze pia kwa adabu kuhusu fomu atakayojaza pamoja na barua, ya kukupima kwa ngazi ukilinganishwa na wenzako. Walimu wetu ni wabahili wa sifa, na kwao "nzuri" ni sifa kubwa. Kwenye fomu ile "nzuri" ina ngazi kadhaa juu yake.

Utaulizwa kama unaachia haki yako ya kuisoma barua, haki inayotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1974. Iachie. Mwalimu anaandika kwa uhuru, na chuo kinaiamini zaidi.

Majibu yakitoka, hata kama ni ya kukataliwa, mwalimu aambiwe na wewe mwenyewe. Mimi nilimpigia madamu usiku uleule, mwisho wa Machi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kwenye maabara za huko chuoni kila mwanafunzi anapata bureti yake.