Tochi ile ningeizima mapema

Wiki hii mmeuliza: mfugaji mwenye ng'ombe mmoja au wawili nyumbani akeshe bandani mnyama anapokaribia kuzaa, au amwache azae mwenyewe? Nililisoma swali nikiwa nakata majani ya tembo, nikaweka panga chini. Jibu lilikuwa mdomoni tayari: akeshe. Asiyekesha ni mtu mwenye ng'ombe tu, mfugaji bado hajawa. Nilitaka kuandika hivyo, mistari mitatu, basi.

Hapa Pongwe, Tanga, ng'ombe wa maziwa hatuwachungi. Wako bandani, majani na maji vinawafuata. Kwa hiyo ng'ombe akibeba mimba, nyumba nzima inaibeba. Siku aliyopandishwa naiandika kwenye kalenda ya ukutani, nahesabu siku kama 283. Zikibaki 60 tunamkausha, hatukamui tena, na baiskeli ya kupeleka maziwa kituoni inalala. Mwezi huo wa pili wa ukavu ndio mgumu. Pumba zinataka kununuliwa vilevile, mashudu vilevile, na dukani tunaandikiwa. Zikibaki siku kumi hakuna anayesafiri, hata msiba wa Muheza anakwenda mmoja na kurudi siku hiyohiyo. Anayeishi hivi haulizwi kama atakesha. Usingizi wenyewe hauji.

Lakini mkiniuliza kukesha, mnanirudisha kwenye usiku mmoja, na lazima niueleze.

Ilikuwa vuli ya 2019, ile iliyokata barabara upande wa Handeni na Korogwe. Tulikuwa na mtamba mmoja, chotara wa Friesian, tukimwita Sikudhani, mimba yake ya kwanza. Aliyempandisha kwa chupa, yaani kwa kumtia mbegu bila dume, hakutuandikia mbegu ni ya dume gani, na sisi hatukujua kwamba hilo ni jambo la kuuliza kwa mtamba mwenye umbo dogo, asije akabeba ndama mkubwa kupita nyonga zake. Mume wangu alikuwa kazini Dar es Salaam. Nyumbani tulikuwa mimi, watoto na mama mkwe wangu.

Mchana ule dalili zote zilikuwepo. Kiwele kimejaa hadi chuchu zinatazama pembeni. Kano za shina la mkia zimelegea, pande zote mbili pameingia ndani kama vishimo. Ute umening'inia. Jioni akaacha majani nusu. Nikawaambia watoto leo ndiyo leo, na kuanzia saa mbili usiku nikaanza kwenda na kurudi na tochi ya simu. Kila robo saa. Nikifungua mlango wa banda, Sikudhani ananitazama machoni, anainuka. Nikitoka, namsikia anajilaza tena. Watoto nao wakataka kuona, nikawaleta. Jirani akaja na tochi yake. Tukawa kundi zima pale, tunamulika nyuma ya mnyama na kunong'ona.

Ilipofika kama saa sita mama mkwe akaniita kutoka barazani.

"Mwanangu."

"Abee mama."

"Wewe ulipokuwa unajifungua, ungetaka watu wasimame mlangoni wakumulike?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia watoto wakalale, jirani apewe asante aende kwake, tochi izimwe. Akavuta kigoda chake hadi nyuma ya ukuta wa banda, mahali ambapo ng'ombe hawezi kutuona. Nikakaa chini karibu naye, mvua inapiga bati, na akanifundisha kusikiliza. Huko ni kucheua. Sasa ameacha kucheua. Huyo amejilaza, sikia pumzi inavyotoka puani. Zile pumzi zikawa ndefu, kisha zikaja na mguno mwishoni. Haukupita muda mrefu tukasikia maji yanamwagika sakafuni. Mama akasema, "Washa kandili sasa, na uingie peke yako."

Kwato mbili zilikuwa zimetoka, rangi ya manjano iliyopauka, laini kama nazi changa. Nyayo zake zilitazama juu. Nilikuwa nimeshaambiwa ndama anayekuja vizuri nyayo hutazama chini, pua ikilala juu ya miguu. Nikampigia bwana mifugo. Alikuwa ng'ambo ya korongo lililofurika, pikipiki haipiti. Akaniambia, "Dada, usilie, nisikilize. Shika mguu. Kunja kiungo cha kwanza juu ya kwato. Sasa panda na mkono hadi kiungo kinachofuata. Vinakunjika upande mmoja, au kila kimoja na upande wake?"

Nikaingiza mkono. Joto lile la ndani sijalisahau, na mguu ule ukavutwa kidogo nilipoushika, ndipo nikajua yu hai. Kila kiungo kilikunjika upande wake.

"Huo ni mguu wa nyuma. Anakuja kinyumenyume. Tafuta kamba safi, funga juu ya kifundo, vuta anaposukuma, acha anapopumzika. Lakini nyonga za ndama zikishatoka usipumzike tena hata kidogo, kitovu kitakuwa kimebanwa na kichwa bado kiko ndani…"

Hapo simu ikazima. Chaji yote ilikwisha kwa kumulika tangu saa mbili.

Kamba ya katani haikosekani Pongwe. Niliiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikamwamsha mwanangu mkubwa, wakati ule yuko darasa la sita, tukashika pamoja. Mama mkwe alishika kandili kwa mkono mmoja na mkia kwa mwingine. Sikudhani akisukuma tunavuta, akiacha tunaacha. Nyonga zilipopita mama akapaza sauti, "Haya, haya, msiache!" Tukavuta hadi ndama akaanguka juu ya majani makavu ya migomba, nami chini yake.

Hakupumua. Mama mkwe akapangusa kinywa na pua kwa pindo la khanga yake, akachomoa unyasi mkavu akautia puani taratibu, akiuzungusha kama mtu anayesafisha sikio la mtoto. Mimi nasugua mbavu kwa gunia. Muda ule siwezi kuwaambia ulikuwa mrefu kiasi gani. Ndama akapiga chafya, akatikisa kichwa, na Sikudhani akageuka akaanza kumlamba kwa ule ulimi wake mkavu, akitoa sauti ya chini ambayo hakuwa ameitoa siku nyingine yoyote.

Hakuweza kusimama kunyonya, kwa hiyo tulikamua dang'a, yale maziwa ya kwanza, tukamnywesha kwa chupa, kama lita mbili kabla ya adhana ya alfajiri. Kondo la nyuma lilianguka saa nne asubuhi. Ndama alikuwa jike.

Miaka yote hii nimekuwa nikisimulia usiku ule kama ushahidi wa kukesha. Bila sisi ndama angekufa, na pengine mama yake pia. Hilo bado nalisema. Lakini leo, kwa kuuandika saa kwa saa, naona jambo ambalo nilikuwa nalipita haraka kila ninaposimulia. Tangu saa mbili hadi saa sita nilikuwa kikwazo. Bwana mifugo aliniambia baadaye kwamba ng'ombe akisumbuliwa huuzuia uchungu, anasubiri watu waondoke. Saa nne nzima nilimwinua mnyama aliyetaka kulala, na nikamaliza chaji ambayo ingemwacha mtaalamu aseme neno lake la mwisho. Lililonipeleka kwa zile kwato kwa wakati ni sikio la mama mkwe.

Kwa hiyo jibu langu si lile nililokuja nalo. Mwacheni azae mwenyewe. Mtu awe karibu, nyuma ya ukuta, gizani, na simu iliyojaa chaji mfukoni.

Hapo lazima niweke masharti, maana sitaki mtu apoteze mtamba wake kwa maneno yangu. Mtamba wa uzao wa kwanza achunguliwe zaidi kuliko ng'ombe mzoefu. Mfuko wa maji au kwato zikionekana, ukapita muda wa nusu saa na hakuna kinachosogea, au saa nzima kwa mtamba, piga simu. Nyayo zikitazama juu, piga hapohapo. Sakafu ya saruji iwekwe majani, ng'ombe asije akateleza. Na mwanamke aliye peke yake nyumbani, kama tulivyo wengi waume zetu wakiwa kazini, asivute peke yake, aite mtu mmoja mtulivu. Mmoja tu.

Kuna jingine nililofundishwa baada ya hapo: wiki za mwisho mpe chakula chake kikubwa jioni giza likiingia, badala ya asubuhi. Wengi wanaolishwa hivyo huzaa mchana. Kwangu uzao mbili zilizofuata zimekuja mchana, moja saa tano asubuhi, nyingine watoto wanarudi shule.

Ndama wa usiku ule tulimwita Vuli. Sasa ndiye tunayemsubiri, uzao wake wa tatu, na kalenda leo inasema siku ya 276. Mama mkwe macho yamepungua sana, ila kigoda chake kiko palepale nyuma ya banda, na kila jioni anakwenda kukikalia. Nimemuuliza sasa hivi kabla ya kutuma jibu hili. Amesema leo bado, anacheua.