Mpira ukifika juu kabisa: maswali yenu ya hesabu

Shikamoo mwalimu. Mpira umerushwa wima kutoka juu ya paa la mita 3, kwa mwendokasi wa mita 14.7 kwa sekunde. Kimo cha juu kabisa nimepata 1.5, kitabu kinasema 14.025. Nani kakosea? (Kidato cha tatu, Morogoro)

Marahaba. Hesabu yako ni sahihi, ila umeshuka kabla ya kituo. Hiyo 1.5 ni sekunde, si mita. Kimo ni h = 3 + 14.7t − 4.9t², ambapo t ni muda kwa sekunde, na 4.9 ni nusu ya 9.8, mchapuko unaoletwa na mvutano wa dunia. Muda wa kufika kileleni ni −b/2a, ambapo a ni namba iliyo mbele ya t² (−4.9) na b iliyo mbele ya t (14.7), yaani 14.7 ÷ 9.8 = 1.5. Sasa irudishe kwenye mlinganyo: 3 + 22.05 − 11.025 = 14.025. Ile 3 ya paa usiiache. Kuna wanaoandika 11.025 halafu wanashangaa alama zimekwenda wapi.

Hiyo −b/2a imetoka wapi? Sisi tunakaririshwa tu.

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Grafu yake ni parabola, mkunjo wa umbo la upinde, na pande zake mbili zinalingana. Jiulize: mpira uko usawa wa paa lini? 14.7t − 4.9t² = 0, yaani t(14.7 − 4.9t) = 0. Majibu ni sekunde 0 na sekunde 3, na kilele kiko katikati: 1.5. Weka herufi badala ya namba, at² + bt = 0 inakupa 0 na −b/a. Gawa kwa mbili, umeipata. Fomula ikikutoka kichwani kwenye mtihani, njia hii haikutupi.

Mwanangu anasema jiwe na mpira hufika kimo kimoja. Ni kweli?

Kweli kabisa, mama, mradi virushwe kwa mwendokasi uleule na tupuuze ukinzani wa hewa. Uzito haumo kwenye mlinganyo. Unyoya usijaribu.

Ukirushwa kwa mita 29.4 kwa sekunde, pembe ya 30° kutoka usawa wa ardhi?

Chukua sehemu ya wima tu: 29.4 × sin 30° = 14.7. Paa likiwa lilelile, jibu ni 14.025 tena, ila mpira utakwenda kutua mbali.

Na mwezini?

Badala ya 9.8 weka 1.62. Mpira wetu wa kwanza utapanda kama mita 67 juu ya paa. Duniani ni 11 tu. Mwanaanga Alan Shepard alipiga mipira ya gofu huko mwaka 1971, na hewa ya kumharibia parabola haikuwepo.